Kilo Nane za Mama Rahim

Kilo nane kwa siku kumi na nne. Hata mtu aliyelazwa kwa kuhara hapungui hivyo, lakini Kulsumu hakutaka kusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Alishuka kwenye mizani ya ghala, akapanda tena, akalisukuma jiwe linaloteleza kwenye mkono wa mizani kwa kidole chake mwenyewe, na mkono huo wa shaba ukatulia palepale: themanini na nne. Ijumaa mbili zilizopita ulikuwa tisini na mbili. Alitoka ghalani akitaka kupiga vigelegele, akakumbuka kwamba ni alfajiri na majirani wamelala, akajiziba mdomo kwa mtandio.

Mji mzima wa Laela ulimfahamu kwa jina la Mama Rahim, mke wa Hamidi mnunuzi wa mahindi. Nyumba yao ilitazama barabara ya Tunduma, na nyuma yake kulikuwa na ua mpana na ghala la bati lililopakana na jikoni. Kuanzia mwezi wa sita ua huo ulijaa matrekta, mikokoteni ya ng'ombe na vumbi la pumba, maana wakulima wa Ufipa walikuwa wamevuna na wanunuzi walikuwa wamefungua mizani zao.

Asidhani mtu kwamba Kulsumu alitaka kupungua kwa sababu ya picha za simuni. Dada yake Sauda alianguka bafuni mwaka jana, akafa kabla gari halijafika Sumbawanga. Presha, daktari alisema, na alipoulizwa presha imetoka wapi akataja chumvi, akataja hasira, akataja na tumbo. Siku ya msiba, wanawake waliokuwa wakiosha maiti walinong'ona kwamba marehemu na mdogo wake tumbo lao ni moja, la mama yao. Waliona Kulsumu hasikii. Alisikia. Sauda alikufa na miaka arobaini na sita, yeye alikuwa na arobaini na miwili, na tangu siku ile alikuwa akiihesabu ile minne iliyobaki kama mtu anayehesabu vijiti vya kiberiti gizani.

Jioni ya msiba ule alichukua kamba ya kushonea magunia, akaizungusha kiunoni usawa wa kitovu, akapiga fundo pale ncha zilipokutana. Akaificha kamba chini ya godoro. Alijiapia kwamba siku fundo lile litakapopita kitovu na kulegea, ndipo atakapolala usingizi.

Basi alipoongezwa kwenye kundi la Kocha Angela la "Tumbo Bapa Siku Ishirini na Nane", aliingia kwa moyo wote. Kocha alikaa Sumbawanga mjini, hakuna aliyewahi kumwona ana kwa ana, lakini sauti yake ilikuja simuni kila asubuhi tamu kama ya mtangazaji. Wanga ni adui. Ugali marufuku, wali marufuku, viazi marufuku. Asubuhi maji ya moto ya limao na tangawizi, mchana kabichi na yai la kuchemsha au kipande cha samaki mgebuka, jioni tango. Mkanda wa kubana tumbo kutwa nzima. "Na mnisikilize, wapendwa," Kocha alisema, "aliye mnene zaidi ndiye atakayepungua zaidi. Mtaona wenyewe."

Fikiria hilo kidogo. Kumkataza mtu ugali Ufipa, mwezi wa sita, ndani ya nyumba ambayo ukifungua dirisha la jikoni mahindi yanakuingilia! Kulsumu alipikia wapagazi, akapikia wanawe, akampikia mumewe, na yeye akanusa. Lakini mizani ilipomwonyesha kilo nane, njaa yote ilimtoka.

Hamidi alikuwa anafunga viatu alipoingia chumbani.

"Baba Rahim, themanini na nne!"

Hamidi aliinua kichwa. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa maneno, ambaye hakuwahi kumpigia mkewe kelele katika miaka kumi na tisa. Alimtazama, akatazama kamba ya kiatu chake, akachukua muda mrefu kuifunga.

"Umepimia wapi?"

"Hapo ghalani. Pale pale nilipopimia mwanzo."

"Mashallah," alisema. "Umependeza."

Neno hilo ndilo lililomfanya Kulsumu awaite wenzake. Kufika wiki iliyofuata walikuwa wanawake saba, majirani na wake za wafanyabiashara, na kila Ijumaa kabla wapagazi hawajafika walijipanga ghalani kwa zamu wakivua viatu. Waliokuwa wamejipima hapo mwezi wa tano, kwa mchezo tu, kabla msimu haujafunguliwa, walikuta wamepungua bila hata kumaliza wiki: huyu sita, huyu saba, na mnene kuliko wote tisa. Kama Kocha alivyosema! Walicheka mpaka machozi, wakapigana picha juu ya mizani, na Kocha akazituma picha hizo kwa makundi yake mengine. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza ni mlo gani huo unaowapunguza watu kabla hawajaanza kuufuata.

Mmoja wa hao saba alikuwa Bertila. Bertila alikuwa mama lishe wa pale uani, Mfipa wa kijiji cha jirani, mjane, mcheshi, mwenye mikono minene iliyosonga ugali wa watu arobaini bila kupumzika. Alikuwa na ugonjwa wa sukari na alimeza vidonge kila asubuhi.

"Sasa Mama Rahim, na vidonge vyangu je?" aliuliza siku aliyojiunga.

Kulsumu alimuuliza Kocha. Kocha alijibu baada ya dakika mbili: asiache dozi, aache wanga, sukari itashuka yenyewe. Kulsumu akamfikishia Bertila maneno hayo kama yalivyo, tena akaongeza lake, kwamba mimi mwenyewe shahidi, nitazame.

Baada ya kilo zile nane, mizani iligoma. Ijumaa ya tatu themanini na tatu. Ya nne themanini na tatu. Kulsumu akatoa kamba chini ya godoro, akaizungusha kiunoni, na fundo likaja kukaa palepale kwenye kitovu, halijasogea hata upana wa punje. Alijaribu akiwa amevuta pumzi, akajaribu akiwa ameitoa. Inawezekanaje mtu apungue kilo tisa na tumbo lisijue?

"Mafuta ya tumbo huyeyukia ndani kwanza," Kocha alimwambia. "Mwili wako umegoma, mpenzi. Ondoa mlo wa jioni."

Akauondoa. Usiku alilala akisikia moyo ukipiga masikioni, akiwaza Sauda naye alisikia hivyo. Mchana akiinama kuokota kitu, ua mzima ulizunguka. Hamidi alimwona siku moja ameshikilia nguzo ya baraza kwa mikono miwili, macho ameyafumba.

"Acha hayo mambo, Mama Rahim. Kula."

"Niache nimebakiza kidogo? Si wewe uliyesema nimependeza?"

Hamidi akageuka, akaenda kwa wakulima wake.

Siku ya tano baada ya Ijumaa ile ya nne, saa mbili asubuhi, Bertila alianguka. Alikuwa anageuza maharage kwenye sufuria kubwa, akasema "Mbona giza?", na kabla mtu hajacheka alikwenda chini na mwiko mkononi. Maharage yalimwagikia mkono wa kushoto. Hakupiga hata kelele, na hilo ndilo lililomtisha Kulsumu kuliko ngozi iliyovimba. Alikuwa amelowa jasho la baridi, meno yameumana, macho yako wazi na hayamwoni mtu. Kulsumu alipiga magoti kwenye majivu akimwita. Akili yake yote ilikuwa neno moja tu: nimemuua.

Wapagazi wanne walimpakia kwenye pikapu. Kasmir, mpimaji wa ghala, kijana mkimya aliyeshika mizani msimu wa tatu huo, ndiye aliyeendesha. Kufika kituo cha afya, Sista Justa, muuguzi mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimchoma kidole, akatazama kipimo, akaguna. Akamtundikia dripu ya glukosi. Dakika kumi hazijatimia Bertila akapepesa macho na kuuliza kama maharage yameungua.

Kulsumu alilia. Alilia kwa sauti, bila aibu, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akamwonea huruma.

"Amekula nini?" Sista Justa aliuliza.

"Maji ya limao."

"Na vidonge amemeza?"

"Amemeza."

Muuguzi alivua miwani. "Kidonge kinashusha sukari, mama. Asipokula, kitashusha nini? Kitamshusha yeye. Nani kampa dawa hiyo ya limao?"

Kulsumu hakuwa na pa kujificha, akaeleza yote: Kocha, kabichi, mkanda, dada yake Sauda, kilo tisa. Sista Justa alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha alimpima presha, akamwambia imepanda lakini haijafika pa kutisha, akamwelekeza kwenye mzani wa pembeni ya mlango. "Panda."

Tisini na moja.

"Mzani wenu mbovu," Kulsumu alisema papo hapo. "Ijumaa nilikuwa themanini na tatu."

Sista Justa hakubishana. Alimpeleka wodi ya wazazi, akampandisha kwenye mzani mwingine. Tisini na moja. Bertila alipopata nguvu za kusimama naye akapimwa. Ghalani alikuwa sabini na moja. Hapa sabini na nane.

"Mama," muuguzi alisema huku akiandika kwenye kadi, "nikuambie ukweli? Umepungua kilo moja, kwa sababu ya njaa, na ukirudi kula itarudi. Hakuna chakula duniani kinachochagua tumbo. Si limao, si kabichi, wala huo mkanda. Mwili ukipungua unapungua wote, polepole, mwezi kilo mbili, na ni kwa kupunguza kidogo kwenye sahani na kutembea, miezi na miezi. Ugali kula, ila usiwe mlima. Una kitu cha kupimia kiuno?"

"Nina kamba."

"Kamba yako inasemaje?"

"Haijasogea."

"Basi iamini kamba," Sista Justa alisema, akampa kadi.

Njiani kurudi Kulsumu alikaa mbele, kadi kaishika kwa mikono miwili. Bertila walimwacha kitandani. Kasmir aliendesha, na Kulsumu alitazama mikono yake kwenye usukani, vidole vina makovu madogo madogo ya kuungua. Hapo ndipo kitu kikamjia. Mwishoni mwa mwezi wa tano, wiki ambayo msimu ulikuwa unakaribia kufunguliwa, Kasmir alikuja kwenye moto wa Bertila na kopo dogo na betri ya gari iliyopasuliwa. Alikuwa anayeyusha risasi. Bertila alipomuuliza, alisema anamtengenezea shemeji yake, mvuvi wa Wampembe, chubwi za kuzamishia nyavu. Wote waliamini. Nyavu zinahitaji uzito.

Na jiwe la mizani nalo je? Likizidi uzito, kila kinachopimwa husomeka pungufu.

"Kasmir," alisema.

"Naam, mama."

"Zile chubwi, shemeji yako alizipokea?"

Pikapu iliyumba kidogo. Shingo ya Kasmir ilijibu, maana ililowa jasho na nje kulikuwa na baridi ya Ufipa ya mwezi wa saba.

Ua waliukuta umechafuka. Wakulima kama thelathini walikuwa wamezunguka mizani, iliyosukumwa nje uani kwa kazi na leo ikishikwa na Hamidi mwenyewe, na katikati alisimama Shija, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bonde la chini na ng'ombe wake miaka kumi iliyopita, na sasa alilima ekari nyingi kuliko wenyeji. Fimbo yake aliiegemeza begani. Mkokoteni wake ulikuwa na magunia kumi na manane.

"Gunia hili nimelijaza mimi, debe kwa debe, na mke wangu anahesabu," alikuwa anasema, polepole, kila neno likitua. "Mwaka jana gunia kama hili lilisoma mia na nne. Hapa hapa. Leo tisini na tano. Kilo tisa zimekwenda wapi, Hamidi?"

"Mahindi yako yamekauka sana, mzee wangu," Hamidi alisema kwa upole wake uleule. "Maji yametoka. Yamekuwa mepesi."

"Na ya mwaka jana yalikuwa mabichi?"

"Mizani hii hapa. Itazame ikiwa tupu. Sifuri. Ina stika ya Wakala wa Vipimo. Sasa unataka nikuapie?"

Mizani tupu ilisoma sifuri, kweli. Wakulima waliitazama, wakatazamana. Wapo waliokuwa wamekwisha kupimiwa tangu asubuhi, na nyuso zao zilianza kubadilika. Mmoja alisema tuite mgambo. Mwingine akasema huyu Msukuma anatuchelewesha tu, ashushe au aondoke. Shija aligeuka amtazame aliyesema, na watu wakaipisha fimbo yake.

Hamidi alimwona mkewe. Aliona na kadi. Akasogea upesi, akamshika kiwiko, akamwingiza ghalani kati ya safu za magunia, akausukuma mlango.

"Bertila vipi?"

"Mzima. Nimepimwa, Baba Rahim. Nina tisini na moja."

Hamidi alitazama mlango.

"Hushangai," Kulsumu alisema. "Mke wako kaambiwa kilo nane zake ni hewa na hushangai. Ulijua."

"Punguza sauti."

"Tangu Ijumaa ile ulijua! Nilikuja kwako nacheka kama mtoto ukaniambia mashallah. Uliniona nimeshika nguzo. Uliona sili, ulijua naogopa kufa kama Sauda, ukaniacha!"

"Nilikuambia ule."

"Hukuniambia kwa nini."

"Ningekuambia nini, Kulsumu?" Hamidi alisema. "Kwamba hujapungua? Ungeniuliza nimejuaje."

Hilo lilimchoma kuliko njaa ya wiki tano. Angekasirika, angepigana naye, kama angekuwa mkorofi. Lakini mtu huyu mpole alipima mambo mawili, mke wake na jiwe lake, akaona jiwe ndilo la kulinda. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na Kulsumu alikuwa akiifua nguo hiyo mwenyewe kila Jumamosi.

"Sikiliza," Hamidi alisema, sasa kwa kunong'ona. "Mwaka jana tulipata hasara, unajua. Msimu mmoja tu, nilisema, kisha Kasmir alirudishe jiwe kama lilivyokuwa. Hao nje wakijua watachoma ghala. Rahim na wadogo zake wanasoma kwa mahindi haya. Nipe hiyo kadi, uingie ndani upumzike. Shija nitamwongezea chochote, ataondoka, yatakwisha."

"Na wengine?"

"Wengine hawajalalamika."

Kulsumu aliikunja kadi, akaiingiza kifuani.

"Ukitoka nayo," Hamidi alisema, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa macho yake yalikuwa makali, "usirudi kwa mlango huu."

Aliufikiria uso wa Rahim, akafikiria moto, maana wakulima wenye hasira huanza na neno na kumaliza na kiberiti. Aliogopa sana. Lakini alimwona pia Bertila chini, meno yameumana, mwiko mkononi, na wale wanawake watano majumbani mwao muda huu wanakunywa limao kwa sababu yake. Nani angewaambia? Kocha? Hamidi?

Akausukuma mlango, akatoka.

Shija alikuwa ameanza kuwafunga ng'ombe aondoke, na nusu ya watu walikuwa upande wake, nusu wanamzomea. Kulsumu alipita katikati yao. Alivua kandambili. Akaenda hadi kwenye mizani, akapanda.

Mwanamke wa Kiislamu, mke wa mwenye ghala, amesimama mbele ya wanaume thelathini apimwe kama gunia! Alihisi macho yote kwenye tumbo lake, tumbo lile alilolibana kwa mkanda wiki tano. Akaingiza mkono chini ya mtandio, akaufungua ule mkanda, akaudondosha chini. Tumbo likakaa mahali pake.

"Kasmir, nisome."

Kasmir hakusogea.

"Nisome, mwanangu. Kwa sauti."

Kasmir alisogea miguu ikiburuta. Akasukuma jiwe. Mkono wa shaba ukapanda, ukashuka, ukatulia. "Themanini na tatu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe.

Kulsumu alitoa kadi kifuani, akamnyooshea Shija. "Soma wewe."

"Macho yangu hayaoni mwandiko wa hospitali," Shija alisema. Akampa mkulima mwenzake, mwalimu mstaafu. Yule akasogeza kadi mbali, akasogeza karibu.

"Tarehe ya leo. Saa nne asubuhi. Uzito, tisini na moja."

"Na tangu hapo nimekunywa soda nzima na kula chapati mbili," Kulsumu alisema. "Kwa hiyo kama nimebadilika, nimeongezeka."

Hakuna aliyecheka. Kisha mtu mmoja nyuma akasema, taratibu, "Nane kwa tisini," na mwingine akasema, "Mimi nimeshusha thelathini leo," na umati ukaanza kusogea mbele, kifua kwa kifua. Mtu alipiga teke ndoo. Hamidi alikuwa amesimama mlangoni, uso umekuwa wa kijivu kama pumba.

"Msiguse kitu!" Kulsumu alipaza sauti kutoka juu ya mizani, na yeye mwenyewe alishangaa kwamba bado anayo. "Madaftari yako ndani. Kila gunia lina jina. Litapimwa upya moja moja, na mimi nitakaa hapa mpaka la mwisho. Anayetaka kuchoma, aanze na mimi. Kasmir! Lete nyundo."

Shija ndiye aliyewazuia. Aliiweka fimbo yake mlalo mbele ya vifua vyao, bila kuipigia mtu, akasema, "Acheni. Tuone."

Kasmir alilitoa jiwe kwenye mkono wa mizani. Likamponyoka mara mbili. Akaligeuza, akaliweka juu ya tofali, akapiga kitako chake mara moja, mara mbili, mara tatu. Kitu kikachomoka, kikadunda kwenye vumbi. Donge la risasi, jeusi, dogo. Lingeingia kwenye ganda la yai.

Shija aliinama, akaliokota, akalipima kiganjani. Alilitazama, akamtazama Kulsumu pale juu, miguu mitupu, mtandio umelegea. Hakukuwa na dhihaka usoni mwake.

"Mama," alisema akimpa, "hizi hapa kilo zako nane."

Kulsumu alilipokea. Lilikuwa la baridi. Kwa ajili ya hili hakula wiki tano. Kwa ajili ya hili Bertila alilala kwenye majivu.

Akashuka, akakaa kwenye kigoda cha Bertila kando ya mizani, akatoa simu. Kwenye kundi Kocha alikuwa ametuma ujumbe wa asubuhi ambao hakuwa ameufungua, na hakuufungua. Alibonyeza kitufe cha sauti akaongea, huku Kasmir akilirudisha jiwe kwenye mizani bila risasi yake, magunia yakianza kushushwa moja moja na mwalimu mstaafu akiandika.

"Jamani, ni mimi. Hatujapungua. Hakuna aliyepungua hata mmoja wetu. Pikeni ugali mle, sasa hivi, kisha kesho asubuhi njooni twende kwa Sista Justa. Na kila mmoja aje na kamba."

Walimaliza jua linazama. Hamidi alikuwa bado mlangoni, hakuingia wala hakutoka, na hakuna mkulima aliyemsemesha kutwa nzima. Kulsumu aliinuka, kizunguzungu kikampitia, akangoja kiishe. Akamwendea. Alikuwa amesimama katikati kabisa ya mlango ule aliomkataza.

Alimshika mkono, akamfungua vidole kimoja kimoja, akamwekea lile donge kiganjani.

"Nilidhani ni tumbo ndilo litakaloniua," alimwambia.

Hamidi aliinamisha kichwa, akasogea pembeni. Kulsumu akapita, akakatisha ghala hadi jikoni kubandika maji ya ugali.